Aibu za Gari

Mbarouk, kabla hujaifungua bahasha yako
kaa hapa kwenye tofali nikutajie aibu zake.
Marehemu baba aliuza ng'ombe kilema mara moja maishani,
akasema, "Huyu kilema," na akapewa bei ya kilema.
Mali iliyofichwa aibu, hela yake haikai mfukoni.

Aibu ya kwanza: hii ni Mastangi, na hapa ni Pemba.
Farasi mia nne na sitini wamefungwa chini ya boneti,
na kutoka Chake mpaka Wete, miaka mitatu,
gia ya sita sijaitia hata siku moja.
Nimeigusa tu, usiku, gereji, injini imezimwa.

Ya pili, tumbo.
Springi nilizikata vidole vitatu
ilale chini kama paka anayemvizia njiwa.
Matuta yote yanaijua.
Pale skuli ya Madungu watoto husimama wakaingoja
ikwaruze, kwaaa! wapige makofi.
Mwalimu wao ameshanitukana, kwa adabu.

Rangi hii, usidanganyike, si nyekundu ya kiwandani.
Nilimpelekea Faki fundi rangi kishada cha karafuu
zilizoiva nusu, zile zinazoona haya upande mmoja.
Akachanganya, akamwaga, akachanganya, siku nne,
kishada kikamkaukia mkononi, cheusi,
tukamalizia kwa kukumbuka.
Ndiyo maana mlango wa kushoto umezidi kidogo.
Ule tuliukumbuka vizuri.

Viti vimeshonwa na Hemedi wa Tibirinzi, fundi viatu:
ukikaa sana utahisi umevaa makubadhi mgongoni.
Kirungu cha gia ni mkarafuu, nimechonga mwenyewe,
kina kovu la msasa hapo kidole gumba kinapolala.
Bomba la moshi nalo lina mdomo.
Salhina wangu hulisikia tangu njia panda
na chai anaipoza kabla sijafika.
Yeye haipandi. Anakwenda sokoni kwa bodaboda,
anasema hataki kutangazwa.

Unataka rimu zake za asili? Sinazo.
Niliziuza nikanunua hizi,
na hizi wewe utaziuza ununue zile.
Najua. Kila nilichoongeza, wewe unakitoa kwenye bei.
Misimu miwili ya karafuu imo humu, pishi kwa pishi,
na kalamu yako inaipita kama mwanafunzi
anayefuta hesabu ya mwenziwe.

Kwa nini nauza?
Hilo si katika aibu za gari,
lakini umeshakaa.

Masika ya juzi, usiku, nikapigiwa simu kutoka Kiuyu:
mama hawezi, kifua kimembana.
Nikaiwasha. Kijiji kizima kikajua nimekuja.
Hatua mia mbili kabla ya mlango njia ikawa tope,
na paka wangu akalala kweli,
tumbo juu ya kisiki, magurudumu yanazunguka hewani,
moshi, kelele, farasi wote wanapiga mbio
na hakuna hata mmoja anayekwenda.

Akatoka Tumu wa Bikombo na gari la ng'ombe.
Hakusema kitu. Akanipita.
Akamleta mama chini ya turubai mpaka lami,
na kutoka pale tukapata pikapu ya muuza barafu.

Kapona, alhamdulillahi. Kapona na ulimi wake.
Kila mgeni akija kumtazama huniita:
"Njoo, mwanangu, uwahesabie farasi zako.
Mimi nimebebwa na ng'ombe mmoja,
tena anachechemea."

Basi. Ndizo hizo, sijabakisha.
Ukifika Unguja utaipaka nyeusi, umeshasema; ni yako.
Mlango wa kushoto anza nao, au umalizie nao,
usiniambie.
Hesabu hela ndani, mimi sihesabu mbele yake.
Funguo hii. Klachi inataka mguu mwepesi.
Na pale Madungu pita polepole, Mbarouk,
ikwaruze kama kawaida.
Watoto hawajaambiwa.